Bado Jina Tu

Kila kompyuta ina daftari dogo la majina, na wengi wetu tutaishi miaka yetu yote bila kulifungua. Kwenye Windows limefichwa ndani kabisa, C:\Windows\System32\drivers\etc, katika faili linaloitwa hosts. Kwenye Linux na Mac ni /etc/hosts. Ukilifungua unakuta mistari michache tu: kushoto anwani ya namba, kulia jina. Unapoandika jina la tovuti kwenye kivinjari, kwa kawaida mashine hutazama humu kwanza kabla ya kwenda kuuliza kwingine. Ikilikuta jina, inaamini ilivyoandikiwa. Haiombi kitambulisho wala risiti.

Zamani mtandao mzima uliishi kwenye daftari kama hili. Wakati wa ARPANET, orodha ya kompyuta zote iliitwa HOSTS.TXT na ilitunzwa Menlo Park, California, katika taasisi ya utafiti ya SRI, kwenye kituo kilichoongozwa na Elizabeth Feinler kuanzia mwaka 1972 hadi 1989. Ukitaka mashine yako ijulikane, uliwapelekea taarifa, wakaliandika jina, na wengine wote wakanakili orodha mpya. Kompyuta zilipozidi, utaratibu huo ukaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa majina ya vikoa tunaoutumia hadi leo. Daftari la kila mashine halikuondolewa. Lilibaki, kama jiko la mkaa linavyobaki uani kwenye nyumba iliyokwisha kuingiza gesi.

Mimi nalijua kwa sababu ya kazi. Natengeneza tovuti za watu wadogowadogo hapa Tanga: saluni, shule ya chekechea, duka la vipuri vya pikipiki. Kila tovuti huzaliwa kwenye laptop, mezani kwetu Ngamiani, kabla mtu yeyote hajaiona. Natumia XAMPP, furushi linalokuwekea seva ya Apache, hifadhidata na PHP kwa pamoja. Baada ya hapo mashine inakuwa seva na mteja kwa wakati mmoja. Anwani yake ni 127.0.0.1 na jina lake ni localhost, yaani mwenyeji wa hapa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni na mwenyeji ni yuleyule: kivinjari kinabisha hodi, seva iliyo ndani ya mashine hiyohiyo inaitika karibu, na bando halijaguswa. Anwani zote zinazoanza na 127, zaidi ya milioni 16, zimetengwa kwa ajili ya mashine kujisemesha yenyewe.

Ukiwa na kazi moja, localhost inatosha. Ukiwa nazo nne, utaziweka kila moja kwenye folda yake na kuzifungua kwa localhost/saluni, localhost/shule, na kadhalika. Hapo ndipo taabu ya mkwaju inapoanza. Kiungo kinachoanza na mkwaju, tuseme /picha/nembo.png, hukiambia kivinjari: rudi kwanza mlango mkuu wa tovuti hii, kisha ingia folda ya picha. Tovuti ya saluni ikishapanda kwenye seva halisi, mlango mkuu ni wa saluni na picha ipo. Lakini kwenye localhost/saluni, mlango mkuu ni wa localhost, na huko hakuna folda ya picha. Ukurasa unafunguka bila picha na bila rangi, maneno matupu yamepangana kama orodha ya mahudhurio.

Dawa yake ni kuipa kila kazi jina lake, ili iwe na mlango wake mkuu hata ikiwa bado iko ndani ya laptop. Jina hilo huandikwa mahali patatu. Kwanza kwenye hosts, ili mashine ijue jina ni la hapa nyumbani. Pili kwenye mipangilio ya Apache, ili seva ijue mwenye jina hilo anakaa folda gani. Tatu kwenye programu ya kuundia tovuti. Mimi natumia Dreamweaver, iliyotolewa na Macromedia mwaka 1997 kabla Adobe hawajainunua kampuni hiyo mwaka 2005. Ndani yake unaieleza folda ya kazi iko wapi, seva ya majaribio iko wapi, na anwani ya wavuti ya seva hiyo ni ipi, ili unapobonyeza kuona ukurasa ikupeleke kwenye jina na si kwenye folda.

Haya yote nilifundishwa na kaka yangu, na laptop yenyewe ilikuwa yake. Alipoondoka kwenda Maskati mwaka 2019 aliniachia pamoja na chaja iliyozungushiwa solotepu. Miaka ya mwanzo niliitumia kwa masomo. Kazi zilipoanza kuja nikaweka toleo jipya la XAMPP, folda zake za zamani nikazihamisha zote kwa pamoja bila kuzichambua. Mipangilio ya Apache aliyoiandika yeye ilikwenda na toleo la zamani. Daftari la hosts, kwa kuwa ni la Windows, lilibaki.

Siku niliyotaka kuongeza mstari wa saluni, nilifungua Notepad kwa ruhusa ya msimamizi, maana bila hiyo Windows haikubali uliguse faili lile. Chini ya maelezo ya kawaida nilikuta mistari minne ambayo si yangu:

127.0.0.1 hoteli.test
127.0.0.1 kinyozi.test
127.0.0.1 chuo.test
127.0.0.1 mama.test

Mwisho ule wa .test haukuwa wa kubahatisha. Mwaka 1999 wataalamu wa intaneti walitenga miisho minne ambayo haitauzwa kamwe kwa mtu yeyote, na .test ni mmojawapo. Ni uwanja wa majaribio. Wapo waliopenda kutumia .dev kwa sababu ni fupi na inapendeza, lakini .dev baadaye ikawa ya Google, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 kivinjari cha Chrome kikawa hakikubali jina lolote la .dev lisilo na HTTPS. Waliokuwa wamejenga kwenye kiwanja kisicho na hati wakajikuta wanahama usiku. Kaka alikuwa mwangalifu kwa mambo kama hayo. Aliyeandika .test alijua kwamba jina hilo halitapata kutoka nje ya mashine hii, na alikubali hivyo kwa muda.

Hoteli, kinyozi na chuo, folda zao hazikuwapo tena. Ya mama ilikuwapo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nyumbani kwetu halisemwi. Mama ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, akiitwa anakwenda na masufuria yake na wasaidizi wawili. Mwanzoni mwa mwaka 2019 alimpa Kaka shilingi 150,000 za kulipia jina la tovuti na upangishaji wa mwaka mmoja, baada ya Kaka mwenyewe kumwambia kwamba wenye harusi siku hizi wanatafuta wapishi kwenye simu. Tovuti haikuonekana. Miezi michache baadaye Kaka akapata nafasi ya kushika stoo Maskati, akaenda. Hela za matumizi anatuma kila mwezi. Mama hakuwahi kumdai zile laki na nusu. Ila mara moja, tunamenya vitunguu, alisema bila kuniangalia: "Kaka yako aliona haya masufuria yangu." Kisha akaomba kisu kingine.

Kwa hiyo nilipoliona jina lile kwenye daftari, sikulipita.

Niliandika mama.test kwenye kivinjari. Ukaja ukurasa wa kukaribisha wa XAMPP, ule wenye rangi ya chungwa. Jina lilikuwa limefika mlangoni, lakini ndani hapakuwa na aliyelijua, maana mipangilio ya Apache ilikuwa mipya. Nikaandika localhost/mama. Ukaja ukurasa mweupe wenye maneno meusi na visanduku vitupu pale palipotakiwa picha. Nikatazama msimbo. Kila picha, kila kiungo, hata faili la rangi, vyote vilianza na mkwaju. Kaka hakuijenga ile tovuti ikae kwenye folda ya mtu mwingine. Aliijenga ikae kwake.

Nikafungua Dreamweaver. Katika orodha ya tovuti kulikuwa bado na moja iitwayo Mama, na kwenye nafasi ya anwani ya wavuti kulikuwa na http://mama.test/. Daftari lilikuwa linamkumbuka, programu ilikuwa inamkumbuka, aliyesahau ni Apache peke yake. Nikaenda C:\xampp\apache\conf\extra, nikafungua httpd-vhosts.conf. Kwanza nikaiandikia localhost nafasi yake, kwa sababu Apache humchukua aliyetajwa mwanzo kuwa mpokeaji wa kila jina asilolitambua. Chini yake nikaandika:

<VirtualHost *:80>
DocumentRoot "C:/xampp/htdocs/mama"
ServerName mama.test
</VirtualHost>

Nikahifadhi, nikaizima Apache kwenye paneli ya XAMPP, nikaiwasha tena, nikaliandika jina.

Picha zikaja zote kwa mara moja. Sinia la biriani limetiwa vitunguu vya kukaanga juu. Kachori. Sambusa zimepangwa duara. Visheti. Mikono ya Mama, ile ya kulia ina kovu la mafuta ya moto, inakunja unga. Picha hiyo sikumbuki ilipigwa lini, nadhani Mama naye hakujua anapigwa. Bei zilikuwa za mwaka 2019, sinia la biriani shilingi 35,000. Kulikuwa na ukurasa wa oda, namba ya simu ya Mama, na ukurasa wa mwisho wenye kichwa cha maneno: Mpishi.

Ulikuwa na sentensi tatu. Ya mwisho ilisema: Mama yetu amesomesha watoto wawili kwa masufuria haya, na hakuna mgeni aliyewahi kuondoka kwenye shughuli yake na njaa.

Kaka si mtu wa kusema maneno ya namna hiyo. Katika maisha yangu sijamsikia akimsifu mtu, hata mchezaji mpira. Nikatazama tarehe ya faili lile. Lilibadilishwa mara ya mwisho wiki mbili kabla ya safari yake.

Sisi huzungumza kwa ujumbe wa sauti, hasa Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Nilisubiri hadi baada ya swala.

"Shikamoo, Kaka. Nimeifungua mama.test."

Alama zikageuka bluu. Ikapita nusu saa. Ujumbe wake ulipokuja ulikuwa wa sekunde sita.

"Marahaba. Ilikubali?"

Nikacheka peke yangu. Nikamwambia haikukubali mpaka nilipoirudishia jina lake kwenye Apache.

"Ndiyo," akasema. "Niliweka mkwaju kila mahali. Nilijua inapanda mwezi uleule, sikutaka nije nibadilishe viungo tena."

"Mbona haikupanda?"

Safari hii ujumbe ulikuwa wa dakika nne, na nyuma yake nilisikia kiyoyozi. Alisema kulikuwa na hoteli, ile iliyokuwa juu ya mama.test kwenye daftari. Aliifanyia kazi miezi mitatu, wakaipokea, hawakumlipa. Chumba alichokuwa akifanyia kazi mjini kilikuwa kinadaiwa kodi. Akachukua fedha ya Mama alipe kodi, akijua hoteli ikilipa atairudisha kabla Mama hajauliza. Hoteli haikulipa. Mama hakuuliza.

"Angeuliza ningesema," alisema mwishoni. "Hakuuliza. Na mimi nikaona bora nitume kila mwezi, labda itaisha yenyewe."

Nilimuuliza nifanye nini. Akajibu kwa maandishi: Mwonyeshe. Ila usinisemee.

Jioni ile Mama alikuwa uani anapukusa tangawizi kwa kisu. Nilimwambia kuna kitu kwenye laptop. Alifuta mikono, akatoa simu yake.

"Nitumie huku, nione vizuri."

"Huko haifunguki, Mama."

"Kwa nini? Simu ina bando."

"Si bando. Jina hili linajulikana na laptop hii tu. Simu yako haina."

Akanitazama kama ninamfanyia ujanja. Nikamkumbusha kwamba Bibi alikuwa akimwita Chausiku, na kwamba mtu akiingia mtaani kwetu leo akamuulizia Chausiku hataonyeshwa mlango. Jina si la uongo. Ni la ndani tu.

"Bibi yako alikuwa anaita kwa sauti hiyo mpaka barabara ya pili wanajua," alisema, lakini akakaa.

Alizipitia picha moja moja, kwa kidole, ingawa kioo cha laptop hakiguswi. Kwenye ya nne akasimama.

"Sinia hili si langu. Hili la jirani, tazama lilivyobonyea. Langu halina bonyo."

Akaendelea. Alipofika ukurasa wa Mpishi, hakusema kitu. Mama anasoma polepole, midomo ikitembea, na niliona midomo imefika mwisho, ikarudi juu, ikaanza tena.

"Kaandika lini haya?"

Nikamwonyesha tarehe.

"Kabla hajaondoka."

"Wiki mbili kabla."

"Kwa hiyo alikuwa amekwisha maliza."

"Alikuwa amemaliza. Ilikuwa bado jina tu. Hili la .test haliruhusiwi kutoka nje, kwa hiyo lazima ulipie jingine."

Hakuniuliza fedha ya jina ilikwenda wapi. Nadhani alikuwa na jibu lake tangu zamani, na lile halikuwa jambo lililomuuma. Aliinuka, akarudi kwenye tangawizi. Baada ya kitambo akasema kutoka kule uani, kwa sauti yake ya kawaida ya kutoa oda:

"Mwambie abadilishe bei. Mchele wa 2019 haupo."

"Mimi ninaweza kubadilisha, Mama. Ni dakika tano."

"Sikusema wewe. Nimesema mwambie yeye."

Kitaalamu lilikuwa jambo la kijinga. Mtu aliye Maskati hawezi kuhariri folda iliyo kwenye meza ya Ngamiani kwa kutumia jina ambalo halitoki ndani ya mashine. Mama.test ya kwangu ni 127.0.0.1, na 127.0.0.1 ya Kaka ni laptop yake mwenyewe. Njia rahisi ingekuwa kulipia kikoa cha .co.tz usiku uleule, tupandishe tovuti, naye aingie kutoka huko aliko. Lakini Mama hakutaka bei za zamani zionwe na watu hata kwa saa moja, na nilipofikiri zaidi niliona ana haki. Kazi ambayo haijakamilika ina sehemu yake ya kukaa, na haikaliwi na wageni.

Nikaikunja folda nzima kuwa faili moja, nikamtumia Kaka. Nikamwandikia pia ile mistari minne ya Apache, ingawa aliyenifundisha ni yeye, pamoja na mstari wa kuongeza kwenye hosts. Hakujibu siku hiyo wala kesho yake. Siku ya tatu, saa tano usiku kwetu, saa sita kwake, ikaja picha ya kioo cha laptop yake. Juu, kwenye nafasi ya anwani, palikuwa na mama.test. Chini yake sinia la biriani lilikuwa shilingi 60,000, na pembeni ameweka alama ya kuuliza. Picha ya nne, ile ya sinia lenye bonyo, alikuwa ameiondoa, ingawa mimi sikumwambia neno kuhusu bonyo.

Nilipomuuliza alijuaje, alinijibu kwamba Mama alimpigia.

Sasa wanabishana kuhusu bei, wao wawili, bila mimi. Mama anasema 60,000 ni nyingi kwa watu wa Makorora, Kaka anasema wa Makorora wapewe bei yao kwa mdomo. Jina la kulipia bado halijapatikana. Kaka anataka jina la Mama la kwenye kitambulisho, kwa sababu ndilo watu watakaloandika wakimtafuta. Mama anaulizia bei ya Chausiku.